Muda Bila Mizani: Namna ya Kuyasoma Majaribio ya Formula One

Mwishoni mwa Februari 2025, Haji mmoja mwenye duka la spea pale soko la Kisekka, Kampala, alinisogezea simu yake kama mtu anayeonyesha hati ya kiwanja. Kwenye kioo palikuwa na orodha ya muda wa madereva katika majaribio ya Formula One ya kabla ya msimu, na juu kabisa Carlos Sainz wa timu ya Williams: dakika 1 na sekunde 29.348. Chini yake Lewis Hamilton, na chini ya huyo Charles Leclerc, wote wawili wa Ferrari.

"Unaona, mwalimu? Williams," akasema. "Mwaka huu ni Williams, na watu wamelala."

Alikuwa ameshaweka pesa katika kampuni moja ya kubeti, kiasi ambacho alikataa kukitaja mbele ya mkewe aliyekuwa akihesabu boliti upande wa pili wa meza.

Msimu ulipoisha Desemba, McLaren walikuwa na mataji yote mawili, la timu na la dereva, Lando Norris akimzidi Max Verstappen kwa pointi 2 tu. Williams walimaliza wa tano. Kwao hilo lilikuwa la kusherehekea, maana walikuwa wametoka mbali. Kwa Haji halikuwa.

Simcheki. Namba alizoziona zilikuwa za kweli, zimepimwa hadi sehemu za elfu za sekunde, na hakuna aliyemdanganya. Kosa lake ni kwamba aliusoma muda wa majaribio kama anavyosoma matokeo ya mechi. Na hayuko peke yake. Tangu Rwanda watangaze Desemba 2024 kwamba wanaomba kuandaa mbio za Formula One, mbio ambazo hazijakanyaga Afrika tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993, naona watu wengi zaidi hapa Kampala wakizifuatilia, hata sisi tuliokulia kwenye vumbi la rali. Na kila Februari ubishi ni uleule: nani ana gari mwaka huu? Tuufungue taratibu.

Kwanza, haya majaribio ni nini

Formula One ni mbio za magari ya kiti kimoja, na kila timu huunda gari lake kwa kufuata kitabu kimoja cha kanuni. Gari likishakamilika, timu hairuhusiwi kuliendesha inavyotaka. Siku za kulijaribu zimebanwa sana, kwa sababu zamani wenye pesa walikuwa wakijaribu magari yao mwaka mzima huku maskini wakiwatazama. Mwaka 2019 timu zilipewa siku 8 kule Barcelona, Hispania. Kufikia 2025 zilikuwa zimebaki siku 3, zote katika uwanja wa Sakhir nchini Bahrain, na kila timu gari moja tu, madereva wake wawili wakipokezana. Piga hesabu mwenyewe: dereva alipata siku moja na nusu kulizoea gari ambalo angepigania nalo mbio 24.

Mzunguko, neno nitakalolitaja mara nyingi, ni safari moja ya kuizunguka njia yote hadi ulipoanzia. Pale Sakhir mzunguko mmoja ni kilomita 5.412.

Sasa fikiria fundi aliyemaliza kufunga injini ya taksi, hizi za abiria kumi na wanne. Anaitoa barabarani, anasikiliza mlio, anakanyaga breki ghafla, anaachia usukani kidogo aone gari linavutia upande gani. Ukimkuta Nakawa akitambaa taratibu upande wa kushoto hutasema taksi hii ni mbovu. Utajua kuna kitu anakitafuta. Timu za Formula One siku hizo tatu zinafanya hivyohivyo, ila zinapigwa picha na kuwekewa saa. Saa moja timu inapima kama injini inapoa vizuri, saa inayofuata inabadilisha springi, jioni dereva anaambiwa akimbie mizunguko mitatu kwa nguvu kisha arudi. Wakati huohuo timu ya jirani ina ratiba nyingine kabisa. Halafu kompyuta inachukua mzunguko bora wa kila mmoja na kuupanga katika orodha moja.

Hapa Uganda tungesema ni sawa na kila shule itunge karatasi yake ya mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa wa UNEB, ijisahihishie yenyewe, kisha magazeti yapange shule zote kwenye ukurasa mmoja, ya kwanza hadi ya mwisho. Alama ni za kweli. Orodha ndiyo haina maana.

Mashabiki wa rali wanalijua hili bila kufundishwa. Kabla ya Pearl of Africa Rally huwa kuna kipande kifupi cha kujaribia magari, na sijawahi kumsikia mtu akimkabidhi kombe aliyepita hapo kwa kasi kuliko wote. Sijui kwa nini tukifika kwenye Formula One tunaisahau akili hiyo nyumbani.

Jerikani isiyoonekana

Nje ya duka la Haji kuna steji ya bodaboda. Siku moja vijana wawili walibishana pikipiki ya nani ina nguvu, wakakubaliana kupanda kilima cha Namirembe mmoja baada ya mwingine, mimi nikishika saa ya simu. Wa kwanza alipanda akiwa peke yake. Wa pili alikuwa ameshafunga nyuma jerikani mbili za mafuta ya kupikia, mali ya mteja, na hakutaka kuzishusha, maana kamba za mpira zikishakaa vizuri ni adhabu kuzifunga tena. Alichelewa sekunde tisa. Aliporudi alizigonga jerikani kwa kiganja, du, du, akauliza: "Na hizi nazo zilikuwa zinashindana?" Watu wakacheka, ubishi ukaanza upya. Hakuna hata mmoja pale stejini, pamoja na mshindi, aliyesema jambo limekwisha.

Kwenye Formula One jerikani ipo, ila huioni.

Hadi msimu wa 2025 kanuni iliruhusu gari kutumia kilo 110 za petroli katika mbio nzima. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo hizo ni takriban lita 145: jerikani saba za lita ishirini, na zaidi kidogo, zote zimo ndani ya tangi nyuma ya mgongo wa dereva. Tangu 2010 ni marufuku kuongeza mafuta katikati ya mbio, hivyo gari huanza likiwa zito na kumaliza likiwa jepesi. Kipimo kinachotumiwa na wanaofuatilia mbio hizi kwa karibu ni kwamba kila kilo 10 za mafuta humchelewesha dereva kwa kama sehemu tatu za kumi za sekunde katika kila mzunguko. Njia nyingine huzidi kidogo, nyingine hupungua.

Turudi sasa kwenye simu ya Haji. Sainz alimzidi Hamilton kwa sekunde 0.031. Kwa kipimo hicho, pengo hilo ni kama kilo moja ya petroli. Chupa ya maji ya lita moja na nusu haijai. Leclerc alikuwa nyuma kwa sekunde 0.083, hata lita nne hazifiki. Mwaka 2019 kule Barcelona mambo yalibana zaidi: Sebastian Vettel wa Ferrari 1:16.221, Hamilton, wakati huo akiwa Mercedes, 1:16.224. Sehemu tatu za elfu za sekunde. Hiyo ni petroli ya nusu kikombe cha chai, na kwa nusu kikombe hicho watu wengi waliondoka Hispania wakiamini kwamba mwaka ule ni wa Ferrari. Wiki mbili baadaye, katika mbio ya kwanza ya msimu kule Melbourne, Australia, Valtteri Bottas wa Mercedes akashinda, Hamilton akawa wa pili, na Vettel akaja wa nne, karibu dakika nzima nyuma ya mshindi. Mercedes wakashika nafasi ya kwanza na ya pili katika mbio tano za mwanzo, mfululizo.

Na kiasi cha mafuta kilichomo kwenye tangi siku za majaribio hakitangazwi. Timu pinzani zenyewe hukisia. Madereva wa malori yanayoingia kutoka Malaba wangekuelewa upesi kuliko wachambuzi wengi wa televisheni: trela tupu ikikupita kabla ya kufika mizani ya Busitema, huoni wivu. Unajua nayo ingepakiwa mzigo wako ingekuwa nyuma yako inakohoa.

Tairi, injini na saa ya jioni

Mafuta ndiyo makubwa, lakini si peke yake.

Tairi zote huletwa na Pirelli, na zina viwango vya ugumu: C1 ndiyo ngumu kabisa, C5 ni laini, na mwaka 2025 iliongezwa C6, laini zaidi, kwa ajili ya baadhi ya mbio. Tairi laini ni kama sabuni laini, inatoa povu upesi na inaisha upesi. Inashika lami vizuri, inampa dereva mizunguko michache ya kasi, kisha inachoka. Ngumu huchelewa kuwaka lakini hustahimili. Tofauti kati ya kiwango kimoja na kinachofuata inaweza kufika nusu sekunde, kwa hiyo ukiona madereva wawili wamepishana kwa sehemu nne za kumi, la kwanza ni kuuliza kila mmoja alivaa nini miguuni. Habari hii, tofauti na ile ya mafuta, haifichwi. Orodha nyingi nzuri huandika alama ya tairi pembeni ya muda, na ni uvivu wetu tu kutoitazama.

Injini nayo ina viwango vya nguvu, kama simu unavyoiweka kwenye hali ya kubana betri. Ikiachiwa yote inakwenda kasi lakini inachakaa, na injini za msimu zina idadi yake. Hakuna timu yenye akili inayoimaliza injini Februari.

Halafu kuna saa. Hapa sisi tuna bahati, maana saa za Bahrain ni sawasawa na zetu. Mwaka 2025 magari yaliingia njiani saa nne asubuhi na kutoka saa moja jioni, na mapumziko ya mchana katikati. Mchana jua linaichemsha lami, tairi zinateleza. Ikipita saa kumi na moja, kiza kinaanza, lami inapoa, hewa inakuwa nzito kidogo, na injini na mabawa ya gari vyote vinaipenda hali hiyo. Muda mwingi wa kuvutia macho hupatikana hapo. Dereva aliyeendesha asubuhi kisha akampisha mwenzake hakupata nafasi hiyo kabisa, na jina lake litakaa chini bila kosa lake.

Ushahidi wake ni mzuri sana. Majaribio yale ya 2025 yalifanyika kipindi cha baridi isiyo ya kawaida kwa Bahrain, hata mvua ilinyesha. (Siku ya kwanza umeme nao ulikatika uwanjani, magari yakasubiri. Nikiri kwamba sisi wa Kampala tulijisikia nyumbani.) Aprili timu zikarudi palepale kwa mbio zenyewe, wakati huo kuna joto. Katika mchujo, yaani kipindi cha kupanga nafasi za kuanzia ambapo kila mtu anatoa alichonacho, wa kwanza alikuwa Oscar Piastri wa McLaren kwa 1:29.841. Uwanja uleule, baada ya wiki sita za kuyatengeneza magari, na bado akawa nyuma ya muda wa Sainz wa Februari kwa karibu nusu sekunde. Ukilinganisha namba tupu utasema magari yalirudi nyuma. Kilichobadilika ni hali ya hewa.

Je, wanaficha?

Hili ndilo linalopendwa zaidi stejini: kwamba timu kubwa huficha makali, kisha zinayatoa siku ya mbio. Kuna ukweli ndani yake, ila umetiwa chumvi. Timu yenye siku tatu tu haina muda wa kuigiza. Ikiendesha na tangi zito, mara nyingi ni kwa sababu inataka kujua gari linavyokaa likiwa zito, maana ndivyo litakavyokuwa kwa nusu ya kila mbio. Kutoonyesha kasi yote ni matokeo tu ya kazi hiyo. Kukwepa kuwapa wapinzani picha kamili ni ziada, si shabaha.

Kinyume chake kinavutia zaidi, na sisikii watu wakikizungumza: timu dhaifu kujionyesha kuwa na nguvu. Timu isiyo na wadhamini ina sababu ya kumwaga mafuta yote, kuvaa tairi laini na kupiga mzunguko mmoja wa kutafuta picha, ili mwenye kampuni fulani asome gazeti kesho yake apige simu. Timu ya Prost ya Ufaransa ilishukiwa hivyo kabla ya msimu wa 2001, Jean Alesi alipokuwa akitoa muda mzuri katika majaribio. Msimu mzima walipata pointi 4, na Januari 2002 timu ikafilisika.

Miaka minane baadaye hadithi ikaonekana inajirudia. Honda walikuwa wamejitoa Desemba 2008, na timu yao ikanusurika dakika za mwisho chini ya Ross Brawn, ikabeba jina lake. Machi 2009 ilifika Barcelona kwa kuchelewa, gari jeupe, karibu halina nembo ya mdhamini hata moja, na hapohapo likaanza kuwapita wote. Kila dalili ya Prost ilikuwepo. Wengi wakasema: haya, wanatafuta pesa. Kumbe gari lilikuwa hivyo kweli. Chini ya mkia wake palikuwa na mpangilio wa njia mbili za hewa uliolivuta gari chini, likashika lami kuliko mengine. Brawn wakashika nafasi ya kwanza na ya pili katika mbio ya kwanza kule Australia, Jenson Button mbele na Rubens Barrichello nyuma yake, na mwisho wa mwaka wakachukua mataji yote mawili.

Prost na Brawn, ukitazama orodha peke yake, wanafanana. Aliyekuambia mwaka 2009 kwamba alikuwa na uhakika kwa kuitazama orodha ile, alibahatisha.

Mahali ambapo mzigo hujitokeza

Ipo siku, au tuseme ipo saa, ambapo jerikani huonekana. Ni pale timu inapoamua kuigiza mbio nzima: mizunguko 57 pale Sakhir, ikisimama kubadili tairi tu, kama siku ya mbio. Mafuta hayaongezwi. Kwa hiyo gari lililokwenda mizunguko 57 bila kuongezewa lazima lilianza na mafuta ya mizunguko 57. Limejipeleka lenyewe kwenye mizani. Hakuna haja ya kumuuliza mtu.

Hapo sasa sahau mzunguko bora. Chukua kalamu uandike mizunguko yote kwa mpangilio, uangalie inavyopanda na kushuka. Nikupe mfano wa namba za kubuni, tuseme timu ya kwanza na timu ya pili. Ya kwanza, mzunguko wa tatu inatoa 1:37.0, na wa kumi na tano inatoa tena 1:37.0. Ya pili, mzunguko wa tatu ni 1:37.2, na wa kumi na tano ni 1:36.9.

Mtu wa orodha atasema zinakaribiana, ya pili labda imechangamka kidogo. Ila kumbuka mafuta. Gari la kanuni za hadi 2025 lilichoma kama kilo 1.8 kwa mzunguko, kwa hiyo kwa mizunguko kumi na miwili limetua zaidi ya kilo 21, na kwa kipimo chetu lilipaswa kuwa na kasi zaidi kwa sehemu sita na nusu za kumi za sekunde hivi. Timu ya kwanza haikupata hata moja ya hizo. Zimekwenda wapi? Zimeliwa na tairi. Tairi zilichoka kiasi kilekile ambacho mafuta yalipunguza mzigo, vikafutana, na wewe ukaona namba iliyosimama. Timu ya pili ilipata sehemu tatu, maana yake tairi zake zilikula tatu na nusu tu, karibu nusu ya zile za mwenzake. Vuta hesabu hiyo hadi mzunguko wa hamsini na saba, na yule aliyeanza nyuma atakuwa amemwacha mwenzake mbali. Nikiambiwa nichague, sichukui muda mrefu.

Jambo hili halihitaji kompyuta. Nimelifanya kwa daftari la shule la mwanangu na chai pembeni. Linahitaji uvumilivu wa kukaa saa moja na nusu ukiandika namba zisizosisimua, na ndiyo maana watu hawalifanyi.

Mwaka ule wa Haji, siku ileile ya pili ambayo Sainz aliweka muda wake bora, Norris naye aliigiza mbio nzima na McLaren. Jina lake halikuwa juu. Lakini waliokaa na kuandika mizunguko yake mmoja mmoja waliona gari linalotunza tairi kuliko ya wenzake walioigiza mbio siku hiyo, na wakaanza kunong'ona McLaren kabla msimu haujaanza. Mwaka uliotangulia ulikuwa hivyohivyo. Februari 2024 orodha ya jumla iliongozwa na Sainz, huyohuyo, wakati huo akiwa Ferrari, kwa 1:29.921. Siku chache baadaye, uwanja uleule, Verstappen akashinda mbio kwa zaidi ya sekunde 22 mbele ya mwenzake wa Red Bull, Sergio Pérez, na Sainz akaja wa tatu. Miaka miwili mfululizo, timu mbili tofauti, dereva mmoja juu ya orodha. Sainz ni dereva hodari, sina neno naye. Ila akiwa juu tena, mimi nitakunywa chai yangu.

Kuhesabu mizunguko

Kuna wanaosema tupa muda, hesabu mizunguko tu: aliyezunguka mara nyingi gari lake ni imara. Hawa wako karibu na ukweli. Gari lililolala gereji halifundishi kitu. Mwaka 2014, injini mpya za mseto wa petroli na umeme zilipoanza, Red Bull kule Jerez walipata mizunguko 21 kwa siku nne, gari likizimika na kufuka moshi, ilhali Mercedes walipita 300. Mercedes walishinda mbio 16 kati ya 19 mwaka huo. Inaonekana hesabu imetimia. Lakini Red Bull hao wa mizunguko 21 walimaliza wa pili kwenye ubingwa wa timu, Daniel Ricciardo akishinda mbio 3. Mizunguko michache inakuambia mafundi watakesha. Haikuambii gari litakuwaje wakishamaliza kukesha.

Macho nayo husaidia, kwa aliyezoea. Ukiona gari limepakwa rangi ya kijani inayotiririka, au limefungwa fremu kubwa za chuma nyuma ya magurudumu, zile ni za kupima upepo unavyopita, basi muda wa mzunguko huo upuuze kabisa. Wakati mwingine shida inaonekana wazi hata kwa mtoto: mwaka 2022 magari mengi yalirukaruka kwenye njia iliyonyooka kama pikipiki kwenye matuta, na Mercedes, waliotoka kushinda ubingwa wa timu mara 8 mfululizo, walihangaika na ugonjwa huo muda mrefu. Mwaka huo walishinda mbio moja tu.

Kanuni za 2026 zimeleta kitu kingine. Kwa kuwa magari yalibadilishwa kabisa, siku ziliongezwa: tano Barcelona bila watazamaji, kila timu ikiruhusiwa tatu kati ya hizo, kisha sita Bahrain, na timu sasa ni 11 baada ya Cadillac kuingia. Karibu nusu ya nguvu ya gari inatoka kwenye betri. Dereva anaweza kuitumia yote kwenye mzunguko mmoja akang'ara, kisha mzunguko unaofuata akatambaa akiichaji. Yaani mbali na ile ya petroli, sasa kuna jerikani ya pili isiyoonekana, na hii inajaa na kumwagika ndani ya dakika moja na nusu. Daftari langu bado linafaa, ila nimeongeza safu.

Haji hataki tena kusikia jina la mtu hadi Jumamosi ya Melbourne. Siku hiyo ya mchujo kila gari linabeba mafuta ya mizunguko michache tu, linavaa tairi laini, injini imeachiwa yote, na wote wako njiani saa ileile, jua lilelile. Kwetu huwa ni saa mbili asubuhi, duka ndiyo linafunguliwa. Atatazama akipanga spea mezani, kisha, akishaona, ataomba simu ya kubeti. Siku hizi inakaa kwa mkewe.